Sisso wa Mburahati na Njia Ndefu ya Ngoma

Treni ya Reli ya Kati ikitoka Tabora kuelekea Kigoma hupita Urambo, husimama Kaliua penye njia panda ya Mpanda, kisha hufika Usinge, kabla haijashika Nguruka na bonde la Malagarasi. Usinge ni kata ya wilaya ya Kaliua, nchi ya miombo, tumbaku na asali. Msafiri wa Dar es Salaam aghalabu huipita akiwa usingizini. Nimeichagua iwe mlango wa kuingilia katika historia ya mtu wa mbali nayo: Mohamed Hamza Ally, maarufu kwa jina la Sisso, mtayarishaji wa singeli, muziki wa kasi wa uswahilini, kutoka Mburahati, Dar es Salaam. Kazi aliyoifanya Sisso, ya kuchukua chombo kilichotengenezwa ng'ambo na kukilazimisha kipige ngoma ya hapa kwetu, ina ukoo mrefu, na sehemu kubwa ya ukoo huo imepita kwenye njia hii.

Katika karne ya 19, kabla ya reli, misafara ilitoka Bagamoyo, ikapumzika Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, ikavuka Malagarasi na kuteremka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Waliobeba mizigo walikuwa zaidi Wanyamwezi, na mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, begani kuanzia alfajiri hadi jua la utosi. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kaze, karibu na Tabora, Novemba 1857, na Ujiji Februari 1858. Burton, ambaye hakuwa mtu wa kusifu Waafrika ovyo, alieleza jinsi msafara ulivyopangwa: mbele kirangozi, yaani kiongozi wa njia, katika mavazi ya kuonekana, na karibu naye mpiga ngoma. Ngoma ile ilikuwa chombo cha kazi. Iliipa miguu mamia mwendo mmoja, ikatangaza kwamba msafara unakuja, ikawaambia wa nyuma kwamba wa mbele bado wapo. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji kwa vita vyake na Waarabu wa Tabora, Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta mmisionari Livingstone, alilazimika kuzungukia kusini ili amfikie.

Wapagazi walifika pwani, wakakaa miezi wakisubiri mizigo ya kurudi nayo, wakasikia ya pwani, wakacheza yao wenyewe. Ngoma zikaanza kusafiri. Kisha Wajerumani wakajenga reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, reli ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na vita kuu ikaikuta ingali mpya. Wabelgiji waliiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Katika miaka hiyo ya reli na vita, ngoma ya beni, iliyoanzia pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ilipanda bara pamoja na askari, makarani na wabeba mizigo. Vijana walitazama bendi za shaba na gwaride la Wazungu, wakachukua tarumbeta, sare, vyeo na hatua za kijeshi, wakazitia katika mashindano yao ya ngoma. Walikuwapo Marini, waliojiona waungwana, na Arinoti, ambako mtu wa kazi za mkono na mtu wa bara alipata nafasi. Wazee wengi na wamisionari waliyaona mambo hayo kuwa uhuni mtupu. Neno hilo la uhuni tutalikuta tena, karibu miaka mia baadaye, likisemwa juu ya watu wengine.

Tabora haikuwa mahali pa kupitia tu. Baada ya tarumbeta lilikuja gitaa, na baada ya gitaa kavu likaja la umeme. Mji huu wa reli, wenye shule zake kubwa na wafanyakazi waliotoka kila pembe, ulitoa bendi zilizosikika nchi nzima: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz, wana Segere Matata, ambao Shem Kalenga aliimba nao. Sauti zao zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam, zikarudi Tabora kwa mawimbi. Upande wa ngoma za jadi alikuwapo Mzee Mwinamila na kikundi chake cha Hiari ya Moyo, akitumbuiza siasa ya uhuru kwa ngoma ya Kinyamwezi. Wanamuziki hawa hawakuwa na kiwanda cha magitaa wala vipaza sauti. Vyombo vilitoka mbali, na walichofanya wao ni kuvipa kazi ambayo aliyevitengeneza hakuifikiria.

Wakati bendi hizo zikiwa katika ubora wake, mahali pengine duniani vijana weusi na maskini walikuwa wakifanya vivyo hivyo kwa mashine. Chicago, Frankie Knuckles alianza kupiga katika klabu ya Warehouse mwaka 1977, na kutoka hapo ikazaliwa hausi. Detroit, Juan Atkins alianzisha Cybotron mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kutoka hapo ikazaliwa tekno. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808 ilitoka mwaka 1980. Wanamuziki wengi wenye pesa waliidharau kwa kuwa haikusikika kama ngoma halisi, ikashuka bei, ikaangukia mikononi mwa vijana, nao wakaijengea muziki mzima. Sisi tulikuwa na Casio.

Kinanda kidogo cha Casio, chenye betri na mapigo yaliyopangwa tayari ndani yake, kiliingia Dar es Salaam kama chombo cha mtoto kujifunzia. Katika mitaa ya Wazaramo na wahamiaji wa kila mkoa, vijana wakakiunganisha na vipaza sauti vya honi na vikuza sauti chakavu, wakakizungushia ngoma za mkono, wakaanza kupiga mchiriku. Sauti ilitoka ikikwaruza, na ndivyo walivyoitaka, kwa kuwa ilipaswa kupenya ukuta wa nyumba tatu mbele. Katika miaka ya 1990 mchiriku ulikuwa muziki wa sherehe za uswahilini, ukiuzwa kwa kanda mitaani, huku redio zikiupa kisogo. Bendi ya Jagwa Music ndiyo iliyoufikisha mbali zaidi: mwaka 2012 lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa albamu yao Bongo Hotheads. Ukisikiliza leo, utaona mambo mawili ambayo Sisso aliyarithi yakiwa tayari, kasi ya kupita kiasi na kinanda kinachorudia fungu moja fupi mpaka akili ikubali.

Chanzo cha pili cha singeli, baada ya mchiriku, kilikuwa taarabu ya kisasa, ile ya rusha roho, pale wimbo unapomaliza maneno yake na vinanda vikaachiwa vicheze ili watu wainuke. Wapiga muziki wa vigodoro, yaani sherehe za mtaani zinazokesha hadi alfajiri, waligundua kwamba watu hungojea kipande hicho tu. Wakakikata, wakakirudia bila kukoma, wakakiongeza kasi. Programu ya Virtual DJ, iliyotoka 2003 na kusambaa kwenye kila kompyuta ya Bongo bila mtu kuulizia leseni, iliifanya kazi hiyo iwezekane kwa kidole kimoja. Juu ya kipande hicho akasimama MC na kuanza kuchana: matukio ya mtaa, salamu kwa waliohudhuria, kejeli kwa wasiohudhuria. Manzese, Tandale na mitaa jirani ndiko singeli ilikochukua sura. Msaga Sumu ametajwa na wengi kuwa mfalme wake wa mwanzo, na sioni sababu ya kumvua taji hilo.

Lakini angalia nani anayetajwa. Anatajwa aliyeshika kipaza sauti. Nyuma yake alikuwapo mtu aliyekata kile kipande cha taarabu, akapanga mapigo chini yake, akajua ni sekunde ngapi za kurudia kabla ya kuchosha. Huyo ndiye mtayarishaji, prodyuza, na kwa maoni yangu katika singeli ndiye mtunzi hasa, maana ukiondoa maneno biti bado inachezesha, na ukiondoa biti yanabaki maneno ambayo hayawezi kumsimamisha mtu. Dar es Salaam ilishawahi kuwaheshimu watayarishaji wake. Bonny Luv wa Mawingu, Master Jay wa MJ Records na P-Funk Majani wa Bongo Records walijulikana kwa majina tangu miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, na kijana wa Tabora aliyesikiliza Bongo Fleva alijua wimbo upi umetoka studio ipi. Hao walikuwa na studio zenye meza za kuchanganyia sauti na vyumba vilivyozibwa kelele. Mtayarishaji wa singeli alitoka tabaka lingine.

Mburahati iko jirani na Manzese, leo katika Manispaa ya Ubungo: nyumba zilizobanana, barabara za vumbi zinazogeuka tope masika, mafundi wa kila kitu. Hapo ndipo Sisso alipofungua studio yake, Sisso Studios. Usifikirie jengo. Fikiria chumba, kompyuta, spika na maikrofoni, na vijana wamekaa kitako wakisubiri zamu. Programu yenyewe ilikuwa FL Studio, ambayo kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji iliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1997. FL Studio huonyesha mapigo kama safu za visanduku kwenye kioo. Ukibofya kisanduku, pigo linawaka. Mtu asiyesoma noti hata moja anaweza kuona mdundo wake kwa macho, akausogeza kushoto au kulia mpaka ukae. Kwa kijana aliyekulia kwenye ngoma, anayejua kwa sikio pigo gani liko nje ya mahali pake, hicho ni chombo cha kumfaa kabisa.

Inafaa tukae kidogo kwenye kasi, kwa sababu ndiyo jambo la kwanza linalomshtua mgeni. Hausi ya Chicago huenda mapigo kama 120 kwa dakika, mawili kwa sekunde. Singeli huanzia karibu 200 na kupanda kuelekea 300. Kwenye 240 unapata mapigo manne kila sekunde moja. Mguu wa binadamu hauwezi kuyafuata yote kwa muda mrefu, na wala haujaribu. Mtazame anayecheza singeli vizuri: kiuno na mabega vinashika pigo la haraka kwa mtetemo mdogo, wakati miguu inakwenda nusu ya mwendo huo, au robo. Katika biti moja mna mwendo wa aina mbili au tatu, na mchezaji huchagua, hubadilisha, hurudi. Ngoma nyingi za Kizaramo, na za Kinyamwezi pia, zimepangwa hivyo tangu zamani, ngoma ndogo ikienda mbio na ngoma kubwa ikizungumza polepole. Ndiyo maana bibi wa miaka 60 harusini anaweza kuicheza singeli kwa muda mrefu kuliko mjukuu wake bila kuchoka.

Wengi waliichukulia kasi hiyo kuwa mzaha wa kompyuta, mtu kaongeza mwendo basi. Ukisikiliza kazi ya Sisso kwa makini utaacha kusema hivyo. Ukichukua wimbo wa kawaida na kuuongeza kasi mara mbili, kila kitu kinakuwa chembamba na besi inapotea. Mtayarishaji anapaswa kuujenga upya kwa ajili ya kasi ile. Pigo la chini lazima liwe fupi, likate upesi, la sivyo litameza pigo linalofuata na yote yatageuka mngurumo mmoja. Sauti za juu lazima ziachiane nafasi. Kinanda kirudie fungu la noti chache tu, kwa sababu sikio halipati muda wa kufuata zaidi. Halafu zije zile sauti ambazo Sisso anazipenda: ving'ora, filimbi, milio kama ya katuni, kipande cha sauti ya mtu kilichokatwakatwa hadi kikawa pigo. Huingia ghafla, hutoka ghafla, na biti huvunjika katikati kama imeanguka, kisha hurudi kwenye mwendo palepale ilipopaswa kuwa. Hapo unajua aliyeketi kwenye kompyuta hana haja ya kubahatisha.

Studio ile ikawa shule. Jay Mitta na Bamba Pana walikuwa miongoni mwa waliotengeneza biti humo, na wachanaji kama Makavelli na Dogo Niga waliingia na kutoka. Hapakuwa na mtaala. Mmoja alikaa kwenye kompyuta, wengine wakamtazama. Akiinuka kwenda kula, mwingine alikalia kiti. Ukweli kwamba walitumia pamoja mashine, na mara nyingi mafaili ya sauti, ndio uliofanya Mburahati iwe na lahaja yake ndani ya singeli, kali na kavu kuliko ile iliyoanza kuchezwa redioni. Maana redio nayo ilikuwa imeanza kusikia. EFM ya Dar es Salaam ilifungua mlango kwa muziki wa uswahilini, na mwaka 2016 wimbo wa Man Fongo, Hainaga Ushemeji, ulipigwa hadi kwenye daladala za mikoani. Viongozi na wenye maadili yao walikuwa wakivipiga vita vigodoro kwa jina la uhuni na kelele. Malalamiko ya kelele usiku yalikuwa ya haki, mtu anayeamka saa kumi kwenda kazini ana haki ya kulala. La uhuni ndilo nisilolikubali, kama nisivyolikubali kwa watu wa beni.

Mlango wa dunia ulifunguliwa kutoka Kampala. Huko, Arlen Dilsizian na Derek Debru walikuwa wameanzisha Nyege Nyege, kwanza kama usiku wa muziki, kisha tamasha la kila mwaka Jinja, ukingoni mwa Nile, kuanzia 2015, na halafu lebo ya Nyege Nyege Tapes. Lebo hiyo ilitafuta muziki wa mashine uliotengenezwa Afrika Mashariki na watu ambao hakuna aliyewafuata kabla. Kutoka Gulu, kaskazini mwa Uganda, ilimtoa Otim Alpha, ambaye pamoja na Leo Palayeng aligeuza nyimbo za harusi za Waacholi kuwa za kompyuta, kwa sababu bendi kamili ya ngoma ilikuwa ghali kwa familia zilizotoka vitani. Naamini Sisso na Otim Alpha ni ndugu wa kazi moja. Wote wawili waliingia kwenye kompyuta kwa njia ya sherehe, kwa kuwa palikuwa na watu wanaotaka kucheza na fedha ya bendi haikuwapo.

Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ikatoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa kazi za studio ya Mburahati. Sehemu ya kazi hiyo ilisambazwa kwa kanda za kaseti, chombo ambacho machinga wa Kariakoo walikuwa wameacha kukiuza siku nyingi. Nje ya Afrika Mashariki, hiyo ndiyo rekodi iliyowafanya wengi wasikie singeli kwa mara ya kwanza. Wasikilizaji wa Ulaya walitafuta cha kuilinganisha nacho, wakaitaja gaba, muziki wa kasi na wa kikatili uliotoka Rotterdam mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ulinganisho huo unasaidia kidogo tu. Gaba inakwenda mbele kwa pigo moja zito lisilobadilika. Singeli inakwenda kwa kupishana kwa ngoma, na ndani yake mna taarabu, ambayo yenyewe imebeba Misri, India na Unguja.

Baada ya hapo mambo yalifuatana kwa haraka. Bamba Pana alitoa albamu yake Poaa mwaka 2018. Mwaka 2019 Jay Mitta alitoa Tatizo Pesa, jina ambalo kila mkazi wa Mburahati angeliwekea sahihi. Mwaka huohuo Sisso akatoa ya kwake mwenyewe, Mateso. Ni albamu ya mtu aliyeamua kutosubiri mchanaji. Mapigo yanashika nafasi ambayo kawaida huachiwa sauti ya mtu, na unaposikiliza mfululizo unaona jinsi anavyofikiri: analeta wazo dogo, analibana, analizidishia kasi, analiacha kabla halijazeeka. Vijana wa Mburahati wakaanza kupanda ndege, kwenda kupiga katika matamasha na klabu za Ulaya.

Jukwaani waligeuza kompyuta kuwa ngoma. Mtazamaji wa Ulaya amezoea kumwona DJ akigusa vitufe kwa upole huku akitikisa kichwa. Hawa waliinamia kompyuta ya kawaida, wakapiga vibonye vyake vya herufi kwa vidole vya mikono yote miwili, kila herufi ikiwa imepewa mlio wake kwenye Virtual DJ: herufi hii kofi, ile king'ora, nyingine kipande cha kinanda. Walipiga kwa kasi ya biti yenyewe na zaidi. Kibodi iliyotengenezwa kuandikia barua za ofisini ilipokea vipigo vya ngoma. Hapo ndipo ninapouona ukoo wa tarumbeta za beni ukiwa hai, na sihitaji ushahidi mwingine.

Studio za aina hiyo zikaongezeka. Duke, mmoja wa watayarishaji wakubwa wa kizazi hicho, alijenga Pamoja Records, na mwaka 2021 Nyege Nyege Tapes ikatoa Sounds of Pamoja kwa mtindo uleule wa kuitangaza studio nzima. Duke mwenyewe alitoa Uingizaji Hewa chini ya Hakuna Kulala, lebo dada ya Nyege Nyege. Mwaka 2022 akaja DJ Travella na albamu yake Mr Mondo, akiwa bado kijana mdogo, na singeli yake ilibeba ndani yake milio ya muziki wa klabu za nchi nyingi aliyoisikia kwa simu. Travella anatoka kizazi ambacho singeli ilikuwapo tayari kilipoanza kutambaa. Hakuwa na la kuthibitisha, na hilo linasikika katika uhuru wake.

Sasa turudi bara, kwa sababu huko ndiko muziki huu unakoishi siku nyingi kuliko Ulaya. Katika vituo vya reli kama Usinge, na katika kila mji mdogo wa mkoa wa Tabora, kuna kibanda chenye kompyuta ambako kijana anakuingizia nyimbo kwenye memori kadi au flashi kwa pesa ndogo. Nyimbo amezipanga kwa mafolda: injili, taarabu, bolingo, zilipendwa, za Kisukuma, singeli. Ukifungua folda ya singeli utakuta jina la mwimbaji, jina la wimbo, na mara nyingi namba ya simu ya aliyeusambaza. Jina la aliyetengeneza biti halipo. Lipo ndani ya wimbo tu, kama mtayarishaji alikumbuka kupachika ile sauti ya kutaja studio yake sekunde za mwanzo, na hata hiyo MC wa harusi huiruka ili afike penye utamu. Msimu wa mauzo ya tumbaku, pesa inapoingia Kaliua na Urambo, harusi hufuatana, majenereta hukodishwa, na biti zilizotengenezwa Mburahati hulia hadi alfajiri kwa watu ambao hawajawahi kusikia jina la Mburahati.

Hili linaniuma, na nitasema kwa nini. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, iliyozaa COSOTA, taasisi ya kusimamia haki hizo, inamtambua mtunzi wa muziki. Katika mazoea ya mtaani, hata hivyo, biti hununuliwa mara moja. Mchanaji anakuja na fedha yake, anarekodi, anaondoka na wimbo. Ukivuma, ni wake, na mtayarishaji amebaki na ahadi. Singeli inazidisha tatizo hilo kwa sababu nayo imejengwa kwa vipande vya wengine. Yule mpiga kinanda wa taarabu aliyecheza fungu tamu miaka 20 iliyopita naye hajui kwamba anachezesha watu Usinge kwa kasi maradufu. Ukitaka haki itendeke, lazima uanze na majina, kwa wote wawili: aliyepiga kinanda na aliyekikata. Ulaya walimfahamu Sisso kwa sababu lebo iliandika jina la studio juu ya jalada, kabla ya jina la mwimbaji yeyote. Ni jambo dogo la uchapaji. Lilitosha kubadili nani anaalikwa, nani analipwa, nani anaulizwa maswali na waandishi.

Wapo wanaosema kwamba sifa ya nje imempotosha msikilizaji wa nje, kwamba anadhani singeli yote ni ile ya Mburahati isiyo na maneno, ilhali mtaani singeli ni MC na maneno yake. Wana hoja. Mtu asiyejua Kiswahili hukosa nusu ya ladha, anaweza kucheza, lakini utani, vijembe na salamu humpita. Hata hivyo, wasikilizaji hao wasiojua maneno ndio waliolazimika kuisikiliza biti yenyewe, wakamwona fundi ambaye sisi tulimzoea hata tukaacha kumwona. Nimewahi kuwasikia wazee wa Tabora wakimkumbuka mpiga gitaa la solo wa bendi fulani kwa jina, kwa jina la babake na kwa mtaa aliokaa. Walimjua kwa sababu alisimama jukwaani mbele yao. Mtayarishaji wa singeli husimama chumbani, na faili lake husafiri bila yeye.

Februari 2024 Nyege Nyege Tapes ilitoa Singeli Ya Maajabu, kazi ya Sisso pamoja na Maiko, mpiga vinanda wa kizazi cha studio ile. Hapa, kama katika Mateso, Sisso hakuwa tena mwenye studio anayewapisha wengine wapite mbele. Wawili hao wameiunganisha kompyuta na vinanda vinavyopigwa papo hapo, noti zikipanda na kushuka kwa kasi ambayo Casio ya mchiriku isingeiweza, milio ya katuni na ving'ora vikiingia vinapotaka. Karibu yote ni muziki mtupu, bila mchanaji. Hakuna jina la mwimbaji la kuandika kwenye faili, na kijana wa kibandani akitaka kuziingiza nyimbo hizi kwenye memori ya mteja itambidi aandike jina la aliyezitengeneza.